Vigingi vya Udongo: Kwa Nini Mbolea Hukaa Shamba Moja na Kutoroka Shamba Jingine



Katika skimu za makazi kuna swali ambalo huulizwa karibu kila mwaka baada ya mavuno. Tuseme wakulima wawili wamepakana. Wote wamenunua mbolea ya DAP katika duka moja, wamepanda mbegu ya aina moja, na mvua iliyowanyeshea ni ile ile. Hata hivyo mmoja ajaza ghala, na mwenziwe hapati hata nusu ya mavuno hayo. Huyu wa pili husema, “Mbolea ya siku hizi ni dhaifu.” Mwaka unaofuata huongeza gunia jingine, na mahindi yake hubaki manjano vile vile.

Mara nyingi kosa si la mbolea. Kosa ni kwamba udongo wa shamba hilo hauna mahali pa kuishikia. Mkulima amenunua ng'ombe wazuri kwa fedha nyingi, akawapeleka katika boma lisilo na kigingi hata kimoja. Asubuhi akiamka, hawapo. Basi yafaa tujue vigingi hivyo vya udongo ni nini, vinatoka wapi, na jinsi ya kuviongeza.

CHAKULA CHA MMEA NI CHUMVI

Mmea hauli samadi, wala hauli punje za mbolea kama zilivyo. Mizizi hunywa chakula kilichokwisha kuyeyuka majini, kama vile chumvi ya jikoni inavyoyeyuka katika mchuzi. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika vipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kila kipande huchukua nguvu ya umeme. Vipande hivyo wataalamu huviita ioni.

Tazama betri ya tochi. Upande mmoja una alama ya kujumlisha, na upande wa pili una alama ya kutoa. Ioni nazo ni hivyo hivyo. Potasiamu, kalisiamu, magnesiamu na amonia ni za kujumlisha. Naitreti, ambayo ni aina ya naitrojeni ipendwayo sana na mahindi, ni ya kutoa. Fosforasi pia huwa katika ioni za kutoa. Alama zisizofanana huvutana, na alama zinazofanana hufukuzana. Ukikumbuka jambo hili moja, mengine yote yatakuwa mepesi.

VIGINGI NI NINI?

Chembe za udongo wa mfinyanzi na chembe za mboji zina sehemu nyingi zenye alama ya kutoa. Sehemu hizo ndizo vigingi vyetu. Ioni za kujumlisha huvutwa hapo zikafungwa, na mvua ikipita haiwezi kuzichukua kwa urahisi. Mchanga hauna vigingi vya kutosha, kwa hiyo chumvi hupita ndani yake pamoja na maji mpaka chini kusikofikiwa na mizizi.

Wanyama wetu hawafungwi kwa kamba sawa. Potasiamu na amonia hufungwa kwa kamba moja. Kalisiamu na magnesiamu hufungwa kwa kamba mbili, kwa hiyo hushikwa kwa nguvu zaidi. Alumini hufungwa kwa kamba tatu, nayo ni mgeni mbaya ambaye tutamweleza baadaye.

Mboji ni kile kitu cheusi kinachobaki baada ya majani, mabua, mizizi na samadi kuoza kabisa, hata usiweze kutambua kilikuwa nini. Ndicho kinachoupa udongo wa msituni rangi yake na harufu yake nzuri baada ya mvua. Ndicho pia chenye vigingi vingi kuliko kitu kingine chochote shambani.

Tufanye hesabu. Chukua ekari moja, udongo wa juu kwenda chini sentimita 15. Uzito wake ni karibu kilo 700,000. Sehemu moja katika mia ya udongo huo ni kilo 7,000. Kama kilo hizo 7,000 ni mboji nzuri, na vigingi vyake viko wazi, zaweza kushika kalisiamu kiasi cha kilo 280. Kama kilo hizo 7,000 ni mfinyanzi wa aina iliyo nyingi katika udongo wetu mwekundu wa milimani, zitashika kilo 7 mpaka 14 tu. Uzito ni ule ule, lakini kazi si sawa hata kidogo.

Kuna mfinyanzi wa aina nyingine wenye vigingi vingi. Ni ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kama wa sehemu za mpunga huko Mwea. Kwa hiyo usidhani kwamba kila udongo mweusi una mboji nyingi. Lakini kwa mkulima wa udongo mwekundu au wa kichanga, mboji ndiyo tegemeo lake.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Usiyapokee maneno haya kwa kusoma tu. Chukua makopo mawili, uyatoboe matundu madogo chini, na uweke kitambaa juu ya matundu. Kopo la kwanza ulijaze mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri. Kopo la pili ulijaze udongo mweusi kutoka chini ya miti au chini ya ua wa zamani. Kisha chukua ile dawa ya zambarau inayopakwa vidonda vya mdomoni, iitwayo GV, utie matone machache katika maji. Rangi ya dawa hii ina alama ya kujumlisha. Mimina glasi moja moja katika kila kopo, na uyakinge maji yanayotoka chini.

Mchanga huchoka upesi, na maji hutoka yakiwa na zambarau. Katika udongo mweusi, glasi baada ya glasi, zambarau hubaki ndani. Maji yanayotoka huenda yakawa na rangi ya udongo, lakini si ya dawa. Sasa ujaribu kwa rangi nyekundu ya kutia katika keki, ambayo ina alama ya kutoa. Utaona wekundu ukitoka mapema hata katika ule udongo mzuri. Mwite mtoto wako wa shule aone pia. Hayo ndiyo yanayotokea shambani: potasiamu na amonia hushikwa kama ile zambarau, na naitreti hupita kama ule wekundu.

HAKUNA KUFUNGUA BILA KUFUNGA

Labda utauliza: kama chakula kimefungwa, mmea hukipataje? Jibu ni biashara ya kubadilishana. Mzizi hutoa ioni ya haidrojeni, ambayo nayo ni ya kujumlisha. Haidrojeni hiyo hufungwa kigingini, na potasiamu iliyokuwa hapo hufunguliwa ikaingia katika maji, kisha ikanywewa. Haifunguliwi moja mpaka nyingine ifungwe mahali pake.

Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu. Huko Yorkshire, Uingereza, mwaka 1845, mwenye shamba mmoja jina lake Harry Stephen Thompson alishirikiana na Joseph Spence, muuza dawa wa mji wa York. Walitia mbolea ya salfeti ya amonia katika udongo, kisha wakamimina maji juu yake. Walitazamia kwamba mbolea ile itatoka chini. Badala yake, kilichotoka kwa wingi kilikuwa salfeti ya kalisiamu. Udongo ulikuwa umeizuia amonia na kutoa kalisiamu badala yake. Thompson aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1850, na mkemia John Thomas Way aliendelea na kazi hiyo. Way aliona kwamba mabadilishano haya hufuata kipimo: kiasi kinachoingia hulingana na kiasi kinachotoka. Siku hizi, ukipeleka udongo kupimwa, hesabu ya vigingi huandikwa katika cheti chako kwa herufi CEC. Usiipite namba hiyo bila kuuliza maana yake. Ikiwa ndogo, jua boma lako ni dogo.

NAITROJENI NA FOSFORASI

Naitreti haifungwi kigingini kwa kuwa alama yake ni ya kutoa. Katika mbolea ya CAN, nusu ya naitrojeni ni amonia na nusu ni naitreti. Hata ile amonia haikai sana, kwa maana vijidudu vya udongo huigeuza kuwa naitreti katika muda wa majuma machache. Ndiyo sababu twashauriwa kutia CAN wakati mahindi yamefika magotini, mizizi ikiwa tayari kuipokea. Mahali penye mvua kubwa au mchanga mwingi, igawe mara mbili. Mtu anayeitia yote siku ya kupanda, kisha mvua kubwa ikanyesha juma zima, amelisha mto.

Hapa mboji hufanya kazi yake ya pili. Ndani ya mwili wake imo naitrojeni, karibu sehemu 5 katika kila 100. Zile kilo 7,000 za mboji zina kilo 350 hivi za naitrojeni. Kila mwaka vijidudu huoza sehemu ndogo ya mboji hiyo na kuitoa. Wakioza sehemu 2 tu katika 100, ekari yako hupata kilo 7, yaani zaidi ya nusu ya naitrojeni iliyomo katika gunia la kilo 50 la CAN. Naitrojeni hiyo hutolewa kidogo kidogo wakati udongo una joto na unyevu, wakati ule ule mimea inapokua.

Fosforasi ina shida nyingine. Haitoroki sana, hufungiwa. Chuma na alumini katika udongo mwekundu huikamata, na mmea hauipati. Mboji hukalia zile sehemu ambazo zingeikamata fosforasi, kwa hiyo nyingi zaidi hubaki kwa ajili ya mizizi. Ndiyo maana konzi ya samadi iliyooza, ikichanganywa na udongo pamoja na DAP katika shimo la kupandia, huifanya DAP ile iwe na faida zaidi.

MGENI MBAYA: ASIDI

Vigingi vya mboji vina tabia ya peke yake. Udongo ukiwa na asidi nyingi, haidrojeni hung'ang'ania kigingini, na kigingi hicho hakiwezi kufunga kitu kingine. Kipimo cha asidi kikishuka chini ya 5.5, alumini nayo huyeyuka kwa wingi, hufunga vigingi kwa zile kamba zake tatu, na hudhuru ncha za mizizi. Mizizi huwa mifupi na minene. Mmea hufa njaa na kiu ilhali chakula na maji viko hatua moja chini.

Dawa yake ni chokaa ya shambani. Chokaa huondoa asidi, huifukuza alumini, na kalisiamu yake hukaa katika vigingi vilivyofunguliwa. Kwa hiyo chokaa haileti kalisiamu tu. Huongeza vigingi vya mboji uliyo nayo. Lakini usiitie kwa kubahatisha. Pima udongo kwanza, utie kiasi kilichoandikwa katika cheti, na uichanganye na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Usiitie siku moja na samadi mbichi au mbolea yenye amonia, kwa maana amonia itageuka hewa na kupotea. Kumbuka pia kwamba DAP na mbolea nyingine zenye amonia, zikitumiwa mwaka baada ya mwaka, huongeza asidi polepole.

MBOJI YETU ILIKWENDA WAPI?

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba mengi yaliyogawanywa yalikuwa na udongo uliolala chini ya majani ya malisho kwa miaka mingi. Wale wa kwanza walivuna vizuri, hata wengine bila mbolea. Walikuwa wakila akiba iliyowekwa na majani. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza kila siku, na kwa kuoza ndipo hulisha mimea. Asiyeirudisha huimaliza.

Tunaimaliza kwa njia nne. Ya kwanza ni kulima na kugeuza udongo mara nyingi, kwani hewa ikiingia kwa wingi mboji huoza upesi. Ya pili ni kuacha maji yachukue udongo wa juu, ambao ndio wenye mboji. Ya tatu ni kuchoma mabua. Ya nne ni kuyauza, au kuyalisha ng'ombe kisha samadi isirudi shambani. Sehemu kubwa ya potasiamu ya mahindi hubaki katika mabua wala si katika punje, kwa hiyo auzaye mabua yote huuza na mbolea yake.

Katika kituo cha utafiti cha Kabete kuna shamba la majaribio lililoanzishwa mwaka 1976, la mahindi na maharagwe. Vipande vingine vilitiwa samadi, vingine mbolea ya dukani, vingine vilirudishiwa mabua, na vingine vilipata vyote pamoja. Baada ya miaka mingi ilionekana kwamba mboji ilipungua katika vipande vyote, lakini ilipungua polepole zaidi palipotiwa vyote vitatu. Fundisho lake ni hili: shamba linalolimwa kila msimu hupoteza mboji daima, na samadi kidogo ya mwaka mmoja haitoshi.

Lakini kazi hii haipotei bure. Huko Rothamsted, Uingereza, kipande kimoja cha shamba la shayiri kilitiwa samadi nyingi kila mwaka tangu 1852 mpaka 1871, kisha kikaachwa bila samadi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado kilionyesha tofauti na kipande kisichopata samadi kamwe. Baba akiujenga udongo wake, wajukuu wataona faida.

Mtu mwingine husema, “Basi nitalima kinamasi, kwa maana kule chini ni mboji tupu.” Asifanye hivyo. Udongo wa kinamasi, kama ule wa Ondiri karibu na Kikuyu, umekusanyika kwa sababu maji yameizuia hewa isiozeshe mimea iliyokufa. Ukitoa maji, hewa huingia, mboji huoza, na ardhi hudidimia. Utapoteza udongo, na pamoja nao chemchemi ya watu wa chini yako.

MAMBO YA KUFANYA

1. Pima udongo kabla ya msimu. Tazama kipimo cha asidi, mboji na CEC, na umwombe Afisa wa Kilimo akueleze.

2. Linda samadi. Weka mabua makavu chini ya ng'ombe ili yanyonye mkojo, kwa sababu potasiamu nyingi na naitrojeni nyingi zimo katika mkojo. Lundo la samadi lifunikwe kwa majani au turubai, mvua isilioshe.

3. Tia samadi iliyooza tani 2 mpaka 4 kwa ekari. Kama wilbaro yako hubeba kilo 50, hizo ni wilbaro 40 mpaka 80. Kama huna kiasi hicho, usiitawanye shamba zima ikawa kama pilipili juu ya nyama. Itie katika mashimo ya kupandia, au umalize kipande kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao.

4. Usichome mabua. Yale ambayo ng'ombe hawahitaji yalaze kati ya mistari.

5. Lima mara chache iwezekanavyo. Katika miteremko, fanya makinga maji na upande matete kandokando yake.

6. Usiache mbolea ya dukani ukidhani samadi yatosha, wala usiache samadi ukidhani mbolea ya dukani yatosha. Mbolea ya dukani ni ng'ombe. Mboji ni kigingi. Mwenye kigingi bila ng'ombe hana maziwa, na mwenye ng'ombe bila kigingi hatakuwa nao kesho.

Tena, usikate tamaa ukiona mwaka wa kwanza mabadiliko ni madogo. Mabua mengi unayoyarudisha huisha kwa kuoza, na ni sehemu ndogo tu inayobaki kuwa mboji. Weka alama katika kipande kimoja kidogo, ukitendee haya yote kwa misimu mitatu au minne, na uandike katika daftari magunia utakayoyapata hapo na utakayoyapata kando yake. Daftari hilo litakushauri vizuri juu ya shamba lako. Kazi ianze sasa, wakati wa kiangazi, kwa kufunika lundo la samadi kabla mvua haijafika.